Mjumbe Hajui Alichobeba

Mlingotini, Bagamoyo
14 Januari 2024

Kwa mdogo wangu Abdulazizi,

Asalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, alhamdulillah, ila goti la kushoto ambalo maji ya chumvi yameshalichukua. Humu ndani hatujambo. Mwanangu Tabia amejifungua salama huko Lugoba kwa mumewe, mtoto wa kike, na wamempa jina la marehemu mama. Kwa hiyo ukija jiandae kumwamkia mama yako akiwa na nepi. Mwani mwaka huu ni wa kusikitisha. Maji yamekuwa ya moto, unaushika unakatikia mkononi. Hajra bado anafundisha chekechea pale mjini, anaondoka alfajiri, anarudi na chaki mpaka kwenye nyusi.

Mshenga wako amefika. Mzee Mwinyimvua alikuja Ijumaa baada ya sala, akanywa kahawa, akazungumza bei ya nazi mpaka nikadhani kaja kuuza nazi. Halafu ndipo akakohoa, akaitoa barua ya posa kwenye kitambaa. Akasema, "Bi Sabiha, mimi hapa ni punda tu. Nimebebeshwa na mdogo wako, ninatua. Nikizidisha neno, la kwangu hilo, lirudishe."

Najim amwoe Hajra. Mwanao na mwanangu. Jirani zangu wameshaanza kunipongeza, maana siri ya posa haikai kwenye kitambaa. Baba mdogo wa Hajra, ambaye ndiye walii wake tangu mume wangu Bwanausi afariki, amesema yeye atasimama kuozesha, lakini neno la ndiyo ananiachia mimi niliyelea.

Mdogo wangu, ilinipasa nipige vigelegele. Sikupiga. Nimeomba muda, na Mzee Mwinyimvua amekwenda zake akinitazama vibaya.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu ya humu ndani anaishika Hajra kuliko mimi, na nikizungumzia barazani nasikika mpaka kwa muuza maandazi. Tuandikiane kama zamani. Najim yupo pale Chalinze kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi, atakupakilia barua yangu na yako atanishushia. Ni mtoto wa adabu, habandui gundi ya mtu.

Sasa swali. Wewe mwalimu wa baiolojia, nieleze: mtoto anawezaje kuzaliwa na ugonjwa ambao baba hana na mama hana? Na huyo mjumbe anayetembea ndani ya mwili akipeleka amri ya damu, ni nani, na kwa nini asiikatae amri ikiwa mbaya? Kuna nesi alinieleza siku moja, akanichorea na picha, lakini siku ile masikio yangu yalikuwa kwingine.

Msalimie wifi yangu Raya.

Dada yako,
Sabiha


Songea
6 Februari 2024

Dada Sabiha, shikamoo.

Barua yako niliipokea stendi ikinuka dagaa wa mtu mwingine. Hatujambo. Shule zimefunguliwa, madarasa yamejaa, na mimi peke yangu nafundisha baiolojia vidato viwili baada ya mwenzangu kuhamishwa. Raya presha yake imeshuka. Anakusalimu, anasema wifi yake anaomba muda wa nini, Hajra alishakuwa wake tangu alipokuwa akimsuka nywele.

Swali lako nitakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu wakianza kusinzia.

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila chumba kuna chumba kingine kilichofungwa, tunakiita kiini, na humo kimewekwa kitabu cha umbile la mtu. Kila ukurasa una nakala mbili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Kitabu hicho hakitoki nje. Mwili ukihitaji kitu, ukurasa wake unanakiliwa, na nakala ndiyo inayotoka. Hiyo nakala ndiye mjumbe wako. Shuleni tunamwita RNA mjumbe.

Kitabu kimesokotwa nyuzi mbili. Mjumbe ni uzi mmoja tu, mwembamba. Kabla hajatoka anavishwa kofia kichwani ili asiliwe njiani, na nyuma anaungwa mkia mrefu. Anapenya kwenye matundu ya kiini mpaka uani, waliko mafundi. Fundi anamshika, anamsoma herufi tatu tatu. Kila herufi tatu ni agizo la tofali moja. Tofali kwa tofali, mpaka kitu kinakamilika. Kwenye damu kitu hicho ni hemoglobini, ile inayobeba hewa na kuipa damu wekundu wake. Mafundi wengi wanaweza kumsoma mjumbe mmoja kwa pamoja, wamejipanga juu yake kama shanga. Huku nyuma mkia unazidi kufupika, na ukiisha kazi yake imekwisha. Anakatwa vipande, na vipande vinakwenda kuandikia wajumbe wengine.

Unauliza kwa nini asikatae. Dada, hajui alichobeba. Ukurasa ukiwa na kosa, analibeba lilivyo, na fundi analijenga lilivyo. Katika safari nzima hakuna mwenye nia mbaya.

Na mtoto wa wazazi wazima huugua hivi: baba ana nakala moja nzuri na moja mbovu, mama vilevile. Ile nzuri inamtosha kila mmoja wao, hajui kama anayo mbovu. Mtoto akiangukiwa na mbovu zote mbili, hana pa kujisitiri.

Ulichouliza nimekujibu. Sababu ya kuuliza sikuulizi. Mwanao marehemu Twalha mlituambia ni malaria iliyompanda kichwani, nasi tulimzika hivyo.

Ingekuwa vizuri Mzee Mwinyimvua apate jibu kabla ya mfungo.

Mdogo wako,
Abdulazizi


Mlingotini
2 Machi 2024

Marahaba, mdogo wangu.

Namshukuru Mungu tumeufikia mwezi huu tukiwa hai, na Ramadhani inabisha hodi. Tabia ameleta mtoto tumwone, ana sauti ya mama yetu kabisa, akilia hata wewe ungesema "naam." Hajra anakusalimu, mjomba wake. Hajui ninachokuandikia. Anadhani tunapanga mahari.

Barua yako niliisoma nikaona giza. Nikaisoma tena, nikamkumbuka baba. Unakumbuka alivyokuwa akiandika kombe? Msahafu uko juu ya rehali, hauguswi ila kwa udhu. Yeye anakaa na sahani nyeupe na zafarani iliyorowekwa kwa marashi, ananakili aya juu ya sahani, kisha anaiosha kwa maji, na mgonjwa anayanywa. Maandishi yanapotea, Msahafu unabaki palepale. Astaghfirullah, silinganishi Neno la Mola na mambo ya nyama na damu. Nasema tu kwamba nimeelewa kwa njia hiyo. Mjumbe wako ni sahani.

Sasa nitakwambia. Haikuwa malaria.

Twalha alikuwa na selimundu. Tulijua tangu hajaanza kutembea, mimi na Bwanausi, tukakubaliana jina hilo lisitoke mlangoni. Zile homa mlizokuwa mkisikia, ule mguu tuliosema kaanguka, ni hiyo hiyo. Maumivu yakimshika alikuwa hataki kuguswa, halafu anataka kuguswa. "Mama nikande. Usinikande." Mara ya mwisho alikuwa na macho ya manjano kama embe, na yule nesi, Evelyn, mtoto wa watu mwenye subira, ndiye aliyechukua boksi la dripu akanichorea chembe ya damu iliyopinda kama mundu, na wajumbe, na mafundi. Akaniambia, "Mama, hawa wakubwa wapimwe kabla hawajaoa wala kuolewa." Mimi nikamwambia mwanangu kapigwa na baridi ya pwani. Akanitazama, akakunja boksi lake.

Wakati ule Tabia alikuwa anaposwa. Ungefanyaje wewe?

Lakini sikiliza, nimepata njia. Kama ujumbe unaandikwa na kuoshwa, basi unaosheka. Nimekwenda kwa Maalim akamwandikia Hajra kombe, akalinywa asubuhi kadhaa akiwa hajala. Alicheka, "Mama, mimi siumwi." Nikamwambia kunywa, ni baraka ya bibi harusi. Uso wake umekuwa mwangavu, wallahi, watu wamesema. Naamini ule ujumbe mbaya umeondoka naye yuko safi.

Baada ya Idd nitamwita Mzee Mwinyimvua nimpe ndiyo.

Dada yako,
Sabiha


Songea
19 Aprili 2024

Dada Sabiha, shikamoo, na Idd mubarak iliyokwishapita.

Mvua za mwaka huu umezisikia. Huku ukuta wa bweni umelala chini, watoto wanalala darasani. Raya anakusalimu. Sijamwambia kitu.

Nimechelewa kukuandikia. Nilianza barua tatu. Ya kwanza nilikulaumu, nikaichana. Ya pili nilikuliwaza, nikaona ni uongo. Hii ya tatu nitasema kazi yangu.

Kombe ni dua, na mimi ni mtoto wa mwandika kombe, silidharau. Lakini mfano wako mwenyewe umeupitia haraka. Sahani ikioshwa, Msahafu unafanyaje? Si upo? Kesho yake baba alikuwa anafungua ukurasa uleule, anaandika sahani nyingine. Ndivyo mwili ulivyo. Mjumbe wa leo anayeyuka bila hata kunyweshwa kitu, ndiyo tabia yake. Wa kesho atanakiliwa kutoka kitabu kilekile, na kosa lake lilelile, herufi moja tu, mpaka mtu anakufa. Na akizaa, anamgawia mwanawe ukurasa, siyo sahani.

Nikwambie jambo ambalo huwa silimalizi vizuri darasani. Chembe nyekundu ya damu ikiwa changa, kabla haijatoka kwenye uboho kwenda kufanya kazi, inakitupa kiini chake nje. Inakitupa kitabu. Inabaki na wajumbe iliowanakili zamani, wanaendelea kusomwa siku moja, mbili, mpaka wanaisha. Baada ya hapo inaishi miezi bila kitabu wala mjumbe, na kile ilichokwisha kujengewa ndicho hichohicho. Kikiwa kizuri, kizuri. Kikiwa cha kujipinda, itajipinda kwenye mishipa ya mtoto, na hakuna wa kuiandikia barua. Twalha alikuwa akiumizwa na hivyo. Nilipofika hapo mwezi uliopita nilimwambia kiranja awaandikishe wenzake notsi, nikatoka nje.

Nimekwenda kupima. Mimi nina nakala moja mbovu, kama wewe. Imetoka kwa baba au kwa mama, hatutajua tena. Raya amepimwa zamani kwenye ujauzito, yeye hana. Kwa hiyo Najim huenda anayo, huenda hana, ni kama kurusha shilingi. Nimempigia, nimemwambia siku hizi waoaji wote wanapimwa. Amesema atakwenda.

Mpime Hajra. Mmoja wao akiwa safi, waoane kwa heri, hakuna mtoto wao atakayeugua. Wakiwa nayo wote wawili, mimi na wewe tunajua kinachoweza kulala kwenye kile kitanda cha Twalha.

Usimjibu mshenga. Subiri barua yangu.

Abdulazizi


Mlingotini
8 Mei 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Hatujambo kwa kiasi chake. Maji yaliingia jikoni, yakatoka. Kamba za mwani zote zimekwenda na bahari, mimi na wenzangu tunaanza upya kufunga mbegu.

Nilimpeleka Hajra kupimwa kwa maneno yaleyale, kwamba ni desturi ya wanaoolewa. Alitoka chumba cha daktari akiwa ameshaelezwa. Tukatembea mpaka kwenye kivuli cha duka la dawa ndipo akasema, "Mama, ninayo nusu. Kumbe Twalha ndiyo ilikuwa hii." Nikasema ndiyo. Hakusema, "Mbona hamkuniambia." Ningependa angesema. Alinunua maji akanipa mimi kwanza. Kisha akasema, "Kama Najim hana, hakuna neno. Kama anayo, basi." Hiyo "basi" yake niliisikia mpaka nyumbani.

Kwa hiyo kila kitu sasa kiko kwenye damu ya mwanao.

Nina wazo, na nakuomba usinikasirikie. Kama Najim anayo, posa hii itakataliwa, na watu watauliza kwa nini. Tukisema ukweli, tutakuwa tumewaambia wa Lugoba kwamba Tabia naye huenda anayo, na kale katoto kake. Watamrudisha. Unawajua wakwe zake. Nimewaza kitu kingine. Unakumbuka Najim alipozaliwa, Raya akalazwa na homa ya uzazi wiki nzima, mtoto nikamlea mimi? Nilikuwa bado namnyonyesha Tabia. Kila mtu hapa anakumbuka Najim alivyokuwa mgongoni kwangu. Nikisema nilimnyonyesha, atakuwa ndugu wa Hajra kwa maziwa, ndoa inakuwa haramu, posa inaondoka bila mtu kuaibika.

Najua sikumnyonyesha. Na wewe unajua, maana ndiye uliyekuwa unaleta makopo ya maziwa kutoka mjini kwa baiskeli. Tuko wawili tu duniani tunaoyajua makopo yale. Raya alikuwa hajitambui.

Ni uongo mzito, nami nasali. Sitaki kuutumia. Nauweka tu karibu, kama mtu anavyoweka panga chini ya kitanda.

Najim akiwa safi, niandikie haraka. Wewe tangu utoto ukiwa na habari njema hukai nayo, na ukiwa na mbaya unanyamaza mpaka mtu aigundue mwenyewe. Mbuzi wa baba alipokufia mikononi mwako ulijifungia stoo ya nazi kutwa nzima. Kwa hiyo ukinyamaza, mimi nitakuwa nimeelewa.

Sabiha


Songea
15 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Salamu nyingi baadaye. Barua yako nimeipata asubuhi, nakujibu saa hii hii, basi la kesho alfajiri liondoke nayo.

Najim hana. Amepimwa, amenitumia majibu, nimeyasoma na kuyasoma. Kitabu chake kiko safi kurasa zote mbili. Alichukua ya mama yake, na kwangu akachukua ile nzuri. Hajra na Najim waoane, na watoto wao wakimbie mpaka wachoke.

Lile panga litoe chini ya kitanda ulitupe. Usimwambie mtu neno la maziwa, hata kwa utani. Mpe Mzee Mwinyimvua ndiyo yake.

Najim sijamwambia kwa nini nilimpima. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii, kama kawaida, bila kujua amebeba nini. Nimecheka peke yangu nilipowaza hivyo, mara ya kwanza tangu mfungo.

Mdogo wako,
Abdulazizi


Mlingotini
13 Juni 2024

Kwa Abdulazizi, mtoto wa mama yangu,

Asalaam alaykum. Idd ya kuchinja iko mlangoni na mimi sina hata hamu ya kuulizia nyama. Tabia mzima, mtoto mzima. Goti lilelile. Nakusalimia kwa sababu baba alitufundisha kwamba barua isiyo na salamu ni ya polisi.

Barua yako ya tarehe kumi na tano Mei nimeipata tarehe saba mwezi huu.

Ilifika Chalinze siku yake, basi halikukosea. Ila Najim hakuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa, yuko Fukayosi kwenye kile kiwanja ulichompa, anamalizia chumba na sebule ili bibi harusi asikute tope. Aliyeshika nafasi yake hakujua kwamba bahasha za kwangu haziishii rafuni. Aliiweka na vifurushi visivyo na wenyewe. Ikakaa hapo wakati mwanao anapiga lipu.

Mimi huku nilikuwa nahesabu ukimya wako. Wiki ya kwanza nikasema njia mbovu. Ya pili nikasema Raya anaumwa. Halafu nikakuona, wallahi nilikuona kabisa, uko kwenye stoo ya nazi umejifungia.

Mzee Mwinyimvua alikuja mwisho wa mwezi, safari hii na wazee wawili. Hakuzungumza nazi. Akasema, "Bi Sabiha, hata punda hushushwa mzigo. Ndiyo au hapana?" Hajra alikuwa nyuma ya pazia. Nikasema, "Haiwezekani. Nimekumbuka jambo, nilimnyonyesha Najim." Wakaniuliza mara ngapi. Nikasema wiki nzima, akishiba na kulala. Maneno yalitoka yamekamilika, Abdulazizi, kama niliyekuwa nimeyasoma mahali. Yule mzee akafunga kitambaa chake taratibu, akasema, "Alhamdulillah umekumbuka mapema, mama. Umewaokoa na haramu." Wakaniombea dua. Nikaitikia amina.

Kufika jioni ilikuwa imeenea mpaka Kaole.

Najim alipokuja na bahasha yako alikuwa na saruji kwenye kucha. Ameipata rafuni siku aliporudi kazini, akaona aniletee mwenyewe, kwa kuwa imechelewa mikononi mwa watu wake. Akaketi kunisubiri niisome. Niliisoma mbele yake. Akaniuliza, "Baba mzima?" Nikasema mzima.

Siku ya pili nilikwenda kwa sheikh, nikamweleza yote, makopo, baiskeli, damu, Twalha. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunifokea. Akaniuliza, "Bi Sabiha, ungetaka tushike neno lako lipi, la kwanza au la pili?" Nikasema la pili, ndilo la kweli, mdogo wangu ni shahidi. Akasema, "Mdogo wako ni baba wa mwoaji, watu watasema anamtetea mwanawe. Na wewe umeshasema mbele ya wazee watatu. Maziwa yakiingiwa na shaka, mcha Mungu huyaacha. Sitawazuia, lakini mimi sitawaozesha." Nikatoka. Ningekuwa mimi ndiye niliyeulizwa na jirani, ningejibu vilevile.

Nikamwambia Hajra. Nilimpigia magoti, mwanangu wa kumzaa, nikamwambia Najim sikumnyonyesha, damu yake ni safi, nilisema kwa hofu. Alikuwa anapasua kuni. Akaendelea na ule mti mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Mama, ulisema Twalha ni malaria. Ukasema kombe ni la bibi harusi. Ukasema kipimo ni cha desturi. Ukasema maziwa. Leo unasema hakuna maziwa. Nitajuaje lipi ndilo?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, na anangoja jibu. 

Akasema hawezi kulala na mtu huku anawaza huenda ni kaka yake. Akasema yaishe.

Nimeifikiria sana ile chembe yako iliyotupa kitabu. Uliniambia mjumbe akishasomwa anayeyuka, lakini kilichojengwa kinabaki kinatembea. Mimi nilidhani neno la mdomo ni jepesi kuliko damu.

Usije kushuhudia. Nimekuomba, usije. Na Najim usimwambie bado kwamba maziwa yalikuwa uongo, mpaka mimi nipate nguvu ya kumwambia mwenyewe, nikiipata.

Barua hii ataichukua yeye. Leo kaja kunisalimia kwa ajili ya Idd, kaniletea sukari na kanga, kama mtoto anavyomletea mama. Alipoingia alisema, "Shikamoo, mama." Maisha yake yote alikuwa akiniita shangazi. Hajra amempelekea chai barazani kichwa wazi, kwa kuwa mbele ya kaka hakuna ushungi. Tangu awe mtu mzima, Najim hajawahi kuziona nywele zake. Amekipokea kikombe akiangalia sakafu, na mpaka sasa hajainua macho.

Namsikia anauliza, "Mama, bado kidogo? Niiwahi gari ya Msata."

Nimemaliza.

Dada yako,
Sabiha